Kumbe Haiti wanatoa sanaa kwenye mapipa kama haya yetu? Wajuzi nisaidieni kuwajua hawa watu

FundiPipa_Kgm

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi bati hapa Mwanga Kigoma, napiga majiko ya mkaa, makarai, tranka za wanafunzi wa bweni na vile vikopo vya kupimia mawese, kazi nimeikuta kwa marehemu baba, na malighafi yangu kubwa ni pipa, haya haya ya lita 200 yanayokuja na oili. Juzi kaja dada mmoja anafanya kazi kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu kuchukua jiko lake, akaniambia fundi hebu ona hiki, akafungua simu akanionyesha kitu kimetundikwa ukutani kwao. Nguva. Nguva mwenye nywele ndefu zinaelea kama yuko majini, mkononi kashika tarumbeta, magamba ya mkia yamepigwa moja moja mpaka yametuna na samaki wadogo wanamzunguka. Nikamuuliza hii ni shaba? Akasema hapana fundi, hilo ni pipa la mafuta na limetoka Haiti.

Usiku ule sikulala vizuri. Miaka 19 nakata pipa, najua linavyobisha, linavyoharibu tindo, linavyokuchana mkono ukizubaa, na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kulitazama pipa akaona nywele za mwanamke.

Sasa naombeni msaada. Hao mafundi wanafanyaje mpaka bati linalala vile, maana mimi likilala linabaki na mgongo. Halafu yule dada kasema hao watu wana wachoraji na vitabu vizito na kwamba mambo yao yanatuhusu, mimi Haiti naijua kwa tetemeko la 2010 na magenge basi, wana nini hasa? Na la mwisho ndo linanisumbua zaidi, kasema yule nguva ni pepo wao wa majini, na mimi ni Mwislamu nimekulia Ujiji, kuna ubaya nikijifunza kazi ya namna hiyo? Mwenye kujua aseme taratibu nimuelewe, nimeishia kidato cha nne.

Kibirizi_Mtumbwi

Fundi nakufahamu na jiko lako lipo nyumbani linapika mpaka leo, kwa hiyo nasema kwa nia njema. Haiti kila ukisikia ni risasi na watu wanakimbia makwao, nchi imeshindwa kujilisha, sasa watu wa hivyo wanakufundisha nini? Ongeza majiko banifu mkuu, ndo yanatoka, hayo ya ukutani hapa Kigoma nani atanunua.

BintiUjiji

Kaka Kibirizi samahani lakini hapo sikubaliani. Kongo hapo ng'ambo wana vita toka sisi wadogo na hakuna nyumba Kigoma ambayo haijacheza rumba. Shida ya nchi haifuti akili ya watu wake.

FundiPipa nimesomea sanaa za mikono, ngoja nikupe ninachokijua. Hao mafundi wako kijiji kinaitwa Noailles, kipo Croix-des-Bouquets, sio mbali na mji mkuu Port-au-Prince. Aliyeanza ni mhunzi anaitwa Georges Liautaud, mtu wa kazi kama wewe, alikuwa anapiga zana na misalaba ya chuma ya makaburini. Kulikuwa na kituo cha wasanii mjini kinaitwa Centre d'Art, kimefunguliwa 1944 na Mmarekani anaitwa DeWitt Peters, sasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 huyo Peters akaiona ile misalaba, ikamshangaza, akauliza nani kaifanya, akamfuata mpaka karakanani. Ndo Liautaud akaanza kukata watu, ndege, nguva, na kijiji kizima kikaja kuwa cha mafundi, baada yake wakatokea akina Murat Brierre, Serge Jolimeau na Gabriel Bien-Aimé na kazi zao leo ziko makumbusho za nje huko.

Sasa ufundi wenyewe, sikiliza vizuri. Wanatoa vifuniko vyote viwili, juu na chini, hivyo wanaviweka pembeni kwa kazi za duara. Kwenye pipa lililobaki wazi pande mbili wanajaza majani makavu, ya migomba au ya miwa, wanawasha moto, oili na rangi yote inaungua. Likipoa wanalipasua kwa urefu, halafu fundi anaingia mwenyewe pale katikati analisukuma kwa uzito wa mwili mpaka linafunguka, ndo linapigwa nyundo mpaka linalala. Huo mgongo wako nadhani unabaki kwa sababu unalikunjua baridi, bati lililopita motoni linapunguza ubishi, jaribu uone. Baada ya hapo mchoro unachorwa kwa chaki juu ya bati, na kinachobaki ni nyundo na tindo za ukubwa tofauti tofauti, hamna gesi hamna umeme. Kila tundu la jicho, kila unywele, ni tindo imegongwa hapo. Yale magamba yaliyotuna yanapigwa kutokea nyuma, unageuza bati unagonga na kitu chenye ncha butu, ukirudisha mbele limetokeza. Kingo zote zinapita msasa maana kitu kitashikwa na watoto, mwisho vanishi.

Kitu kimoja nakuomba kaka yangu. Usije ukawasha moto pipa ambalo vifuniko viko bado, hata kama unaona ni tupu, mvuke wa petroli uliobaki ndani unalipuka kama bomu. Na mapipa ya dawa za mashambani usiyaguse kabisa.

FundiPipa_Kgm

Dada Mungu akuzidishie. Kumbe majani ya migomba! Mimi huwa naosha na sabuni ya unga na mchanga siku nzima. Vifuniko nilikuwa nawauzia watu wa kuku wanawekea pumba.

Endeleeni wakuu, nipo nasoma.

Mwl_Isevya

Mwangaluka wakuu. Nafundisha fasihi hapa Tabora na hii mada imenigusa kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Kaka Kibirizi aanze na hili la kujilisha. Haiti ilikuwa koloni la Ufaransa, nchi ya sukari na kahawa, watumwa karibu nusu milioni na wengi wao wamezaliwa Afrika kabisa. Agosti 1791 wakaasi. Wakapigana miaka 12, wakawashinda mpaka askari wa Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 kiongozi wao Dessalines akatangaza uhuru pale Gonaïves. Jina la Wafaransa wakalitupa, wakachukua Ayiti, jina la wenyeji waliokuwepo kabla Wazungu hawajafika. Halafu 1825 mfalme wa Ufaransa akaleta meli za kivita akasema mtalipa faranga milioni 150 kufidia mabwana waliopoteza mashamba na watumwa, yaani aliyekuwa mtumwa amlipe aliyemfunga. 1838 ikashushwa ikawa milioni 90, lakini wakakopa ili kulipa, na madeni yaliyotokana na hiyo fidia yakaja kuisha 1947. Kwa hiyo ukiona mtu kadhoofika uliza kwanza nani alikuwa anakula sahani yake.

Sasa vitabu. Kuna mmoja anaitwa Anténor Firmin, mtu wa Cap-Haïtien, mwanasheria. Wakati ule Ulaya kulikuwa na kitabu cha Gobineau, Mfaransa, kinachosema binadamu wana madaraja na mweusi yuko chini, na wasomi wakubwa walikuwa wanakiamini. Firmin akapokelewa kwenye chama cha wanaanthropolojia wa Paris, wasomi wanaochunguza jamii za binadamu, yaani anakaa chumba kimoja na watu wanaojadili vipimo vya mafuvu kuthibitisha kwamba yeye ni duni. Mwaka 1885 akatoa kitabu kinene kuhusu usawa wa jamii za binadamu, anawajibu hoja kwa hoja, kipimo kwa kipimo, anawaonyesha hesabu zao wenyewe zinavyopingana. 1885 wakuu! Ndo mwaka mkutano wa Berlin unamalizika, wanaligawana bara letu na hii Kigoma yenu ikiwemo, na hapo hapo mtu mweusi anawaandikia kurasa mia kadhaa kwamba msingi wa mnachofanya ni uongo. Hawakumsikiliza. Mimi nilimaliza chuo kikuu bila kusikia jina lake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini kitabu ninachokipenda ni cha Jacques Roumain, Gouverneurs de la rosée. Kijiji kinaitwa Fonds-Rouge, ukame umekikausha, kinaanza na bibi mmoja, Délira, ametia mkono kwenye vumbi anasema tutakufa sote. Mwanae Manuel anarudi kutoka Cuba alikokata miwa miaka 15. Anakuta kijiji kimegawanyika pande mbili kwa ugomvi wa ardhi uliomwaga damu, hawasalimiani, na zile kazi za pamoja walizokuwa wanalima kwa ngoma na mwimbishaji, wao wanaita konbit, zimekufa. Mnaojua Bugobogobo na kilimo cha ujima mtaelewa mara moja anaongelea nini. Manuel anazunguka milimani peke yake kutafuta maji na anayapata chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Nilipofika hapo nikakumbuka babu yangu kule Sikonge, alikuwa anasema usichimbe kisima kabla hujauliza mkuyu uko wapi. Sasa maji yapo lakini mfereji ni mrefu, upande mmoja peke yake hauwezi, lazima wote wapatane, na kuna mtu anaitwa Gervilen ana wivu naye kwa sababu ya msichana. Usiku anamchoma kisu. Manuel anajikokota mpaka kwa mama yake, na badala ya kusema nani kaniua anamwomba mama afiche, kwa sababu jina likitajwa damu itaanza upya na maji hayatafika. Na yule mama anameza. Anaambia watu mwanangu kafa na homa aliyotoka nayo Cuba.

Nimewasomea wanafunzi sehemu hiyo, nikiwa natafsiri papo kwa papo kutoka ile tafsiri ya Kiingereza ya Langston Hughes na Mercer Cook ya 1947, na darasa la watu 70 lilinyamaza nikasikia kengele ya baiskeli barabarani. Binti mmoja akauliza mwalimu, kwa hiyo mama atakaa na hilo jina mpaka afe? Sikuwa na jibu la kumpa. Roumain mwenyewe alifariki Agosti 1944 ana miaka 37, kitabu kikatoka baada ya kifo chake.

Neema_Kasulu

Mwl nimesoma hapo kwa mama nimelia kweli. Naomba kuuliza, hao watumwa wa Haiti ndo hawa waliopita kwenye miembe ya Ujiji na Tabora? Maana bibi alikuwa anasema waliopelekwa hawakurudi na hatujui walifika wapi.

Mwl_Isevya

Dada Neema hapana, hapa tuwe makini. Msafara wa Ujiji na Tabora ulikwenda mashariki, Bagamoyo na Zanzibar, na ulipamba moto karne ya 19, wakati Haiti tayari iko huru. Waliouzwa na Wafaransa kutoka pwani yetu wengi walienda Mauritius na Reunion. Kule Haiti kumbukumbu za mashamba zinataja watu wa Msumbiji, kwa hiyo Afrika Mashariki ilifika, lakini waliokuwa wengi sana miaka ya mwisho ya utumwa ni watu wa Kongo, upande wa bahari ya magharibi kule, pamoja na wa Dahomey, Benin ya leo, na kwingineko Afrika Magharibi. Ila Kikongo ni Kibantu kama Kiha na Kinyamwezi kwa hiyo undugu wa lugha upo.

MjukuuWaKalemie

Hapo kwenye lugha ndo naingia mimi. Babu yangu mzaa mama alisoma Kalemie, enzi hizo Albertville, na baada ya uhuru wa Kongo 1960 Wabelgiji walipoondoka shule zilibaki hazina walimu, ndo wakaja Wahaiti wengi tu, walimu, madaktari, mainjinia, wanajua Kifaransa na ni weusi. Babu alifundishwa hisabati na Mhaiti. Alituambia siku ya kwanza darasa zima lilisimama kumwangalia, walizoea anayeandika ubaoni awe mzungu. Raoul Peck yule mtengeneza filamu aliyetoa filamu ya Lumumba mwaka 2000 ni Mhaiti aliyekulia Kinshasa kwa njia hiyo hiyo, baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo alikimbia udikteta wa Duvalier, mtawala wa Haiti.

Sasa huyo mwalimu wa babu alikuwa Ijumaa jioni akimaliza hesabu anawasimulia hadithi, na kabla ya kuanza anasema Krik? na wao wajibu Krak! Babu alitulea na hiyo, sisi wengine tunasema paukwa watoto wanajibu pakawa, kwetu pale Gungu ilikuwa krik krak na hatukujua imetoka wapi mpaka nikiwa mtu mzima. Na vitendawili hivyo hivyo, wao mtu anasema Tim tim? wanamjibu Bwa chèch! ni ile ile kitendawili, tega. Na methali wanayo inasema piti piti zwazo fè nich, kidogo kidogo ndege anajenga kiota, hiyo si haba na haba kabisa? Na mbaazi wanaita pwa kongo, kunde za Kongo yaani.

Neno lingine, wao dawa ya kienyeji ya kumfunga mtu wanaita wanga. Sisi mchawi wa usiku anawanga. Sisemi moja limezaa lingine lakini ni Kibantu hicho, limevuka bahari kwenye tumbo la meli na bado linasikika.

Neema_Kasulu

Jamani nimesisimka. Krik krak!

BintiUjiji

Umenikumbusha wachoraji. Kuna Hector Hyppolite, mganga wa dini yao ya Vodou, alikuwa anachora kwa manyoya ya kuku na rangi iliyobaki ya samani, kazi yake ilionekana kwenye milango ya baa moja ya barabarani kijiji cha Mont-Rouis, alikuwa kaipamba kwa maua na ndege. Wakamleta Centre d'Art. Kafa 1948, kachora miaka michache tu baada ya kujulikana na ndo anahesabika mkubwa kuliko wote. Mimi kila nikimfikiria namwona Edward Saidi Tingatinga na rangi zake za baiskeli pale Dar, naye alipata miaka michache tu akafa 1972. Na kanisa kuu la Sainte-Trinité Port-au-Prince wachoraji wa kituo hicho walilichora ndani lote, Yesu na mitume weusi, mazingira ya Haiti, karibu 1950. Tetemeko la 12 Januari 2010 likaliangusha. Picha 14 zikabaki 3. Fundi, wewe unalijua tetemeko hilo kwa habari, sasa ujue na hicho kilichovunjika siku hiyo.

Kibirizi_Mtumbwi

Nimesoma yote nimerudi. Ile hesabu ya kulipa mpaka 1947 sikuijua na naondoa nilichosema. Mwalimu hivyo vitabu ulivyotaja naona ni vya Kifaransa, mimi swali langu, mtu wa kawaida wa Haiti, mvuvi mwenzangu, ataelewa? Au ni vitabu vya mabwana wa mjini?

Mwl_Isevya

Kaka hilo ndo swali lenyewe na Wahaiti wamegombana nalo miaka mia na zaidi. Kule kila mtu anaongea Krioli, Kifaransa ni cha wachache waliosoma, na shule mtoto alikuwa anachapwa akiongea lugha ya mama yake. Sisi tuliosoma kwa kibao cha shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili tunalijua hilo.

Mwaka 1928 Jean Price-Mars, daktari, nchi ikiwa chini ya jeshi la Marekani lililokaa 1915 mpaka 1934, alitoa kitabu Ainsi parla l'oncle, akawaambia wasomi wenzake mnajifanya Wafaransa weusi na mnazionea aibu hadithi, nyimbo na dini ya wakulima wakati hizo ndo zenu. Halafu Félix Morisseau-Leroy akafanya kwa vitendo, akachukua Antigone, tamthilia ya kale ya Wagiriki, akaiandika kwa Krioli, wahusika Wahaiti, ikachezwa 1953. Walikuwepo waliosema Krioli haiwezi kubeba maneno makubwa. Ikabeba. Miaka 10 baadaye Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora na kufundisha hapa hapa, akamtoa Julius Caesar wa Shakespeare kwa Kiswahili, 1963, ni hoja ile ile. Na Morisseau-Leroy baadaye alikuja Afrika, akafanya kazi Ghana halafu Senegal.

Ila mvuvi mwenzako nitampa Frankétienne. Huyu kafariki Februari 2025 ana miaka 88, mshairi, mchoraji, mtu wa tamthilia, udikteta wote wa akina Duvalier hakukimbia nchi. 1975 akatoa Dezafi, riwaya nzima kwa Krioli, ya kwanza. Inahusu misukule. Ndio, misukule, ile ile tunayoijua sisi, mtu kachukuliwa akili, analima shamba la bwana usiku na mchana hajui jina lake, hiyo ndo zonbi yao, Wazungu wameifanya sinema za kutisha lakini Wahaiti kwao ni habari ya utumwa, kwamba unaweza kufa na bado wakakulimisha. Kwenye Dezafi mwenye shamba anaitwa Sintil, ana misukule kibao inalima mpunga, na sharti ni moja, chakula chao kisiwe na chumvi. Binti yake Siltana anampenda msukule mmoja, Klodonis. Anampa chumvi. Klodonis anaamka, akili inarudi, na yeye anakwenda kuwaamsha wenzake wote kwa chumvi hiyo hiyo. Fikiria nchi iko chini ya Duvalier, magazeti yamefungwa mdomo, na mtu anaandika hivyo kwa lugha ambayo muuza sokoni anaielewa akisomewa. Krioli ikaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa kwenye katiba ya 1987.

Kibirizi_Mtumbwi

Mwalimu. Mimi nabeba chumvi ya Uvinza kwenda Kongo miaka yote hii, magunia kwa magunia. Leo nimeangalia gunia tofauti.

MamaGungu

Wanangu mmeongea wanaume watupu kwenye vitabu. Naongeza Marie Vieux-Chauvet, 1968 alitoa Paris kitabu cha hadithi tatu, Amour, colère et folie, kinasema wazi jinsi woga unavyoingia ndani ya nyumba ukakaa mezani na familia. Familia yake ikaogopa Duvalier atawaua, kitabu kikatolewa sokoni, mwenyewe akaishia New York akafa 1973. Mimi nilikisoma wakati wa shida zangu na nilijiona humo. Na hao watu kila Januari 1 wanakunywa supu ya maboga, soup joumou, ambayo enzi za utumwa walikuwa wanawapikia mabwana wao. Siku ya uhuru wanaikoroga nchi nzima. UNESCO wameiandika 2021 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mzee_Buzebazeba

Assalam aleikum. Mwanangu FundiPipa naona swali lako la tatu wamelipita wote. Mimi si shehe, ninayosema ni ya mtu mzima aliyeishi na watu. Yule nguva wao wanamwita Lasirèn na ni kweli ana nafasi kwenye ibada zao, Vodou ni dini, serikali yao iliitambua rasmi 2003, ina viapo, ina ngoma, ina wazee wake. Kwa hiyo usimchezee kama pambo tu na usimtukane pia. Kama moyo wako unasita kutengeneza kiumbe, usisite kwenye ufundi. Tindo haina dini. Nimeona picha za hao mafundi, wanapenda sana kukata mti, mti mkubwa matawi yamejaa majani. Tengeneza mti. Na la fatwa nenda kaulize msikitini kwako usisubiri humu.

FundiPipa_Kgm

Mzee wangu waaleikum salaam, shikamoo. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa kazini. Shehe nimemuuliza, akaniambia miti na majani fanya bila wasiwasi, viumbe niviache.

Nimechukua kifuniko cha pipa, kile kile nilichokuwa nawapa watu wa kuku. Pipa lenyewe nimelichoma kwa majani ya migomba, BintiUjiji ulisema kweli, limelala bila mgongo, vijana wangu wawili walikaa juu yake wanashangaa. Kwenye kifuniko nikachora kwa chaki mwembe. Mwembe wa pale Ujiji, ule uliokunja shina upande wa kushoto ukitokea sokoni, wa Ujiji wanaujua. La kwanza nimeharibu, nilianza kukata nje kwenye ukingo, nilipofika ndani kwenye majani bati likawa linacheza halina pa kushikia, tawi zima likapinda. La pili nikaanza katikati, majani madogo kwanza wakati bati bado lina nguvu pembeni, ukingo nikaumaliza mwisho. Majani ni 212, nimeyahesabu, kila moja tindo nne. Maembe nimeyapiga kutokea nyuma na kichwa cha bolti nilichokisaga, yametuna kama yameiva.

Mwl, ile habari ya mama aliyemeza jina niliwasimulia vijana tukiwa tunapiga msasa, na mmoja kaniuliza kama kuna hadithi nyingine kama hiyo, nikamwambia ya chumvi nitamsimulia kesho. Kibirizi njoo siku ukirudi ng'ambo uone mwembe. Mmoja wa Noailles angeuona sijui angesema nini, nasikia wengi wamekimbia kijiji kwa sababu ya magenge, karakana zao zimebaki tupu. Nimewaombea.

Yule dada wa Nyarugusu kaja jana. Kausimamisha mlangoni pale jua linapoingia, kivuli chake kikaanguka sakafuni, majani yote. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akauliza bei, na mimi sikuwa nimeifikiria, nikamwambia ngoja, huu wa kwanza unabaki hapa dukani juu ya kiti cha baba. Nimeshaanza kumkatia wake.